Hotpoti ya Bi Shekha na Minji za Nakuru

Mpendwa mshauri, Mwalimu Athman, shikamoo. Nakuomba msaada na nakuomba uharakishe, kwa sababu Jumapili asubuhi tunafunga mizigo kurudi Nakuru, na hapa nimekaa mezani naitazama hotpoti yenye maua ya manjano, chombo cha kuweka chakula kisipoe, ambayo si yangu, na sijui niifanyeje. Nilikusikia kwenye redio ya tuktuk nikitoka sokoni Gede, ukimgombeza bwana mmoja aliyeuza mbuzi wa mkewe kwa siri, nikasema huyu atanielewa, hata kama atanigombeza na mimi. Isome hewani ukitaka, ila majina yabadilishe.

Mimi ni mama wa watoto wawili, Cliff ambaye ameanza kuota ndevu, na Whitney wa miaka tisa, na mume wangu ni Laban. Kila mwaka shule zikifungwa Agosti huwa tunateremka hapa Watamu kupumzika, na tangu Whitney akiwa wa kubebwa mgongoni tumekuwa tukikaa kwa Bi Shekha, mjane anayekodisha vyumba vya juu nyumbani kwake, lakini kusema anakodisha ni kumpunja, kwa maana ukishafika pale unaulizwa umelalaje, unaulizwa mbona umekonda, watoto wako wanakula jikoni kwake kabla hujajua kwamba wameamka, na mjukuu wake Shahida na Whitney wangu wamekua kama pacha. Mimi nami kila mwaka humletea kikapu cha minji, karoti na viazi kutoka kwetu, maana minji mbichi, njegere hizi za kwetu, anazipenda sana, huzipika kwa tui la nazi huku redio ikilia hapo jikoni, redio ambayo sijawahi kuiona imezimwa.

Sasa mwaka huu Cliff akaanza, ati wenzake wote wakienda pwani wanakaa penye bwawa la kuogelea na yeye kila mwaka anaamshwa na jogoo, na Laban naye akasema kweli, kiuno chake kinataka kitanda kizuri na chumba chenye kiyoyozi, na mimi, Mwalimu, sitawasingizia wao tu, mimi mwenyewe niliziangalia zile picha kwenye simu, fleti nyeupe, mapazia meupe, bahari kule mbele, nikazipenda. Tukalipia. Kumbe Bi Shekha naye akapiga simu kuuliza tunafika lini ili atandike, nikababaika, nikajikuta nasema mwaka huu hatuji, Cliff ana mtihani. Akasema, "Masikini mwanangu! Basi nitamwombea dua kila siku mpaka amalize." Nikamwambia ahsante. Fikiria, Mwalimu, nilimwambia ahsante.

Tukaja. Na hii Watamu ya siku hizi inajengwa kila kukicha, ukikosa mwaka mmoja unakuta mahali ulipokuwa ukinunua madafu pana duka la aiskrimu, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi dereva alipokata kona, mpaka akapita duka ninalolijua, akapita msikiti ninaoujua, akaja akasimama nyuma kabisa ya nyumba ya Bi Shekha, pale palipokuwa na minazi. Ghorofa nne. Bahari ya kwenye picha inaonekana kweli, lakini ukiinamisha macho kidogo unauona ua wa Bi Shekha, kamba yake ya nguo, yule jogoo, na Shahida anaruka kamba peke yake.

"Shusha pazia," Laban akasema.

Tangu hapo likizo yetu imekuwa ya kujificha. Laban akitoka huvaa kofia pana na miwani nyeusi, anatembea kama mtalii wa Kiitaliano aliyepotea. Pwani tunaenda kwa lango la nyuma, tunazunguka mpaka kwa wauza vinyago ndipo tushuke mchangani. Nguo tunazianika kibarazani haraka haraka na kuzianua, taulo, kaptura za Cliff, na ile leso nyekundu ninayojifunga nikitoka majini, aliyonipa Bi Shekha mwaka jana siku ya kuagana. Bwawa lenyewe Cliff ameliogelea siku ya kwanza, sasa anasema linamwasha macho. Whitney aliketi nyuma ya pazia akachungulia, akaniuliza, "Mama, kwani Shahida ametukosea nini?"

Halafu juzi mlinzi wa hapa, mzee Fondo, akabisha.

"Mama Cliff, umeletewa."

"Na nani?"

"Na hapo chini. Amesema Cliff ale ashibe, mtihani unachosha."

Ndani ya hotpoti mlikuwa na samaki wa kupaka, vile Cliff anavyompenda, bila pilipili nyingi. Laban alicheka mpaka akapaliwa, halafu tukala kila mtu akitazama sahani yake. Mimi nikaiosha ile hotpoti kwa sabuni mara mbili, nikaikausha ikang'aa, nikampa mzee Fondo airudishe na salamu za ahsante, nikadhani yameisha. Jana asubuhi ikarudi. Imejaa mahamri, bado ya moto, na safari hii bila neno lolote.

Laban anasema tusijisumbue, Jumapili hotpoti tumwachie mlinzi, na mwakani twende Diani ambako hatujulikani. Mimi silali. Je, Bi Shekha ananicheka? Ananisuta? Nimwendee au nimwondokee kimya kimya? Na nikimwendea nitasema nini? Na la aibu kuliko yote, kule nyumbani mikono yangu ilifungasha kile kikapu kama kawaida, nikakumbuka tukiwa tumeshafika Mtito Andei kwamba sina wa kumpelekea. Minji ziko kwenye friji ya fleti, zimeanza kunyauka. Nisaidie, sitaki kumpoteza huyu mama.

Wako, Easter, Watamu.

*

Mwalimu Athman anajibu:

Marahaba, mwanangu Easter. Majina nimeyabadilisha kama ulivyotaka, hata la kwako.

Nianze kwa kukutua mzigo mmoja, kwa sababu naona umebeba usiokuwa wako. Kulala penye bwawa si kosa. Mtu akipata likizo yake na fedha yake ya halali alale anapotaka. Watamu imebadilika, na sisi wenyeji tumeshayazoea hayo maghorofa. Wengine tumeyauzia viwanja, wengine tunayalinda malango, na Bi Shekha anajua vizuri kuliko wewe kwamba siku moja Cliff atataka bwawa. Ungemwambia kwenye simu, "Mama, mwaka huu watoto wanataka ghorofa, tutakuja kwako kula," angelalamika kidogo, angekuuliza ghorofa hiyo ina nini isichokuwa nacho nyumba yake, halafu angekuuliza mnapenda kula nini siku ya kwanza. Mambo yangekwisha hapo.

Kosa lako ni mtihani. Umemfanya bibi wa watu anyanyue mikono kila baada ya sala kumwombea mtoto mtihani usiokuwepo, na mtoto mwenyewe yuko juu ya kichwa chake anapiga mbizi. Hilo limenikasirisha, sikufichi. Na kosa la pili umelifanya kwa Whitney. Mtoto wa miaka tisa amefundishwa kumkimbia rafiki yake, na hajui kwa nini. Hilo ulirekebishe leo hii, kwa maneno, umwambie ni mama aliyekosea.

Sasa, hujaniuliza Bi Shekha amejuaje, lakini nadhani unajiuliza. Mwanangu, mwanamke wa pwani leso aliyoinunua mwenyewe, akaichagua rangi, akaipindia kingo, hawezi kuisahau. Nawe umeianika kibarazani, mbele ya ua wake, ikipepea kama bendera. Mumeo anahangaika na miwani! Mngeingia kwa ngoma msingejulikana haraka zaidi.

Nije kwenye hotpoti, maana hapa ndipo hukuelewa, na sikulaumu, kwenu bara huenda mambo haya yana taratibu nyingine. Huku kwetu jirani akikuletea chakula, chombo chake hukirudishi kitupu. Unatia chochote kilichopo: ndimu tatu, embe, sukari kwenye kikombe, hata majani ya mchaichai. Hakuna anayepima thamani. Kile kitu kidogo kinasema, "Bado tunaendelea, mimi na wewe." Chombo kikirudi kitupu, hata kama kimeng'aa namna gani, mwenyewe akifungua kifuniko anasikia kitu kingine kabisa. Anasikia, "Tumemalizana."

Basi fikiria Bi Shekha anafungua hotpoti yake pale jikoni, anakuta harufu ya sabuni. Angeweza kuiweka kabatini, na hapo hadithi yenu ingekuwa imefika mwisho. Sidhani kama aliketi sana. Nadhani alijiambia, huyu ni wa Nakuru, hajui, akakanda unga akakupa nafasi ya pili. Mahamri yale, kama unataka kujua ninavyoyasoma, hayakusuti hata kidogo. Na lile neno la kwanza, kwamba mtihani unachosha, lilikuwa utani. Mtu aliyekukata hakutanii. Anapita njiani anatazama mbele. Aliyekupelekea samaki wa kupaka na utani juu yake, tena akakumbuka kupunguza pilipili, huyo anakungoja ushuke, ila hatakuja kukuita, kwa sababu ni mtu mzima na ana heshima yake.

Kwa hiyo Diani uisahau. Na hotpoti usimpe tena mzee Fondo, hata kama amejitolea. Toa minji kwenye friji. Umenieleza kwamba mikono yako ilifunga kikapu wakati kichwa kimeshaamua kumkwepa yule mama. Mimi naiamini mikono. Zichague zilizo nzima, zipike kwa namna ya kwenu Nakuru, na viazi na karoti, usijaribu nazi leo, nazi mwachie yeye. Tia kwenye hotpoti, funga kifuniko, jifunge ile leso nyekundu. Mshuke nyote wanne. Wewe Laban, kofia na miwani iache juu.

Mkifika mpige hodi na mvue viatu. Cliff atangulie kutoa shikamoo na aseme mwenyewe, "Bibi, sikuwa na mtihani." Yeye ndiye aliyetaka bwawa, na ndevu zimeshaanza, maneno manne hayatamshinda. Kisha wewe useme, "Mama, niliogopa kukuudhi, nikakudanganya. Nisamehe." Uishie hapo. Usianze habari za kiuno na kiyoyozi, na usiisifu fleti wala usiiponde. Anaiona kila siku, haihitaji maelezo yako. Atakugombeza. Mwache akugombeze mpaka atosheke, amekuombeeni dua, ana haki hiyo. Akikwambia ukae, ukae. Akileta chakula, usiseme mmeshiba, na usiseme mna haraka. Whitney umruhusu akimbie moja kwa moja kwa Shahida, na bibi akiridhia, kesho wasichana waogelee pamoja kwenye hilo bwawa, angalau lipate faida. Mwakani ukitaka ghorofa tena, mwambie mapema, kwa jina la ghorofa na idadi ya ngazi zake.

Lakini kuna jambo moja, Easter. Majina nimebadilisha, ila hotpoti yenye maua ya manjano sikuwa na namna ya kuibadilisha, wala jogoo, wala mtihani. Na umeniandikia kwa mkono wako kwamba redio ya jikoni kule chini haizimwi. Kwa hiyo minji zisikuchukue muda mrefu. Ninavyowajua watu wa mji ule, hivi ninavyozungumza Bi Shekha ameshafuta machozi ya kucheka kwa upindo wa leso yake, na birika la chai liko motoni. Zima redio, mwanangu. Anayekungoja yuko ngazi chache tu chini yako.