Breki ya Mpira wa Baiskeli

Mwera, Jumanne usiku

...na breki bado inazama. Bomba lake linavuja, nami fundi wa kujipachika nimelifunga kwa mpira wa baiskeli, kisha nikamringia mke wangu Mwanaidi kwamba gari letu la kulalia limepona.

Kesho tunarudi Ngamiani, lazima tuvuke Pangani. Mteremko wa pantoni unaishia majini. Abiria hushuka wakatembea, dereva hubaki peke yake garini. Hapo nilijifariji: nikizama, nazama na sufuria tu.

Jioni Mwanaidi kanimiminia chai. "Baba Zuhura, kesho sishuki. Ulivyohangaika chini ya gari! Nitakaa nawe humo humo."

Nikacheka, nikaimaliza chai.

Ameshalala, anakoroma. Asubuhi namwambia ukweli, anicheke apendavyo, tukatafute fundi.