Spika ya Maneno

Kaka Asifiwe,

Leo nimeunganisha sabufa ya Mama peke yangu, na nimekosea. Nakuandikia kwa sababu kosa lenyewe ungelicheka wiki nzima, huku ukimsimulia kila mteja.

Tangu tukuzike ni miezi mitatu, na banda letu la ufundi hapa Mpemba sijalifungua. Watu wanapita, wanaona kufuli, wanaendelea na safari zao. Yule mzee wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alikuja nyumbani kufuata redio yake. Nikampa, akanishukuru kwa Kibemba, "Natotela mukwai," akasimama kidogo, kisha akauliza kama dada wa fundi naye anaijua kazi. Sikumjibu. Mwenyewe nilikuwa sijui.

Jambo la leo lilianza asubuhi, Mama akichambua maharage. Alisema sauti yako inampotea. Anayoikumbuka ni ile ya mwisho tu, ya kuomba maji, iliyokuwa imebaki pumzi. Ile yako hasa, ya kubishana na kutania, anaitafuta haipati. "Nimemzaa mwenyewe, halafu namsahau sauti," alisema. Kaka, niliumia.

Nikakumbuka DVD ya siku mchungaji alipokuja kuibariki nyumba hii uliyomjengea Mama. Wewe ndiye uliyewashukuru wageni. Shida ni kwamba siku ya msiba vyombo vyote vya sebuleni vilitolewa ili watu wapate pa kukaa, na vilirudishwa hovyohovyo. Deki na runinga vilikuwa havijaunganishwa na chochote; aliyeirudisha sabufa alichomeka nyaya za spika tu.

Nikaanza ulivyonifundisha. Kwanza nikazima umeme ukutani. Waya wa njano kutoka kwenye deki kwenda kwenye runinga, ndiyo picha. Mwekundu na mweupe kutoka kwenye deki kwenda kwenye sabufa, ndiyo sauti. Sauti ya king'amuzi nikaipa matundu yake ya pembeni, visije vikagombana. Nikahesabu nyaya za spika nyuma ya sabufa, zote tano zimekaa vizuri. Nikajiona fundi.

Picha ikaja safi. Kwaya ikaimba, vigelegele vikajaa sebule nzima. Kisha ukasimama na maikrofoni, ukafungua mdomo, na hatukusikia kitu. Wageni wanacheka tunawasikia, wewe mdomo unacheza tu. Nikaongeza sauti, vigelegele vikatutoboa masikio. Nikachomoa nyaya, nikapuliza, nikarudisha. Ni vilevile. Mama alikuwa ameshika tama, na mimi natamani ardhi inimeze.

Halafu akainua mkono. "Tulia. Anaongea."

Ulikuwa unaongea kweli, Kaka. Sauti ilikuwa inatoka chumbani kwako.

Chumba kile Mama alikifunga siku ya mazishi, na ufunguo anatembea nao kwenye pindo la kitenge. Anasubiri wajomba waje kutoka Ibaba baada ya mavuno, wagawe nguo zako. Hakuna aliyeingia humo. Ndipo nikakumbuka kwamba ulipokuwa huwezi tena kukaa sebuleni, uliniomba nikuhamishie spika ya kati, ile ndogo inayolala ubavu ambayo ndiyo hutoa maneno, usikilize taarifa ya habari ukiwa kitandani. Waya niliupitisha darini kwa mikono yangu. Leo nimehesabu nyaya, sikuhesabu spika. Na ni sisi hawahawa tuliowacheka watu wanaogawa spika kama nyama ya sikukuu, moja jikoni, moja barazani, kisha wanakuja kulalamika kwamba kwenye filamu zao watu wamekuwa mabubu!

Mama hakucheka. Alifungua pindo, akafungua mlango, akakaa kitandani kwako karibu na spika. Mimi nilibaki kizingitini. Ulikuwa unamtania mchungaji kwamba abariki na mabati, maana mvua ya Mbozi haina adabu. Mama alisikiliza kwa muda mrefu. Kisha akapangusa macho kwa kitenge, akasema, "Mtoe huku ndani. Aje akae na watu."

Basi nikaushusha waya kutoka darini, nikaiweka spika chini ya runinga, mahali pake. Tukarudia DVD toka mwanzo. Safari hii ulikuwa mbele yetu, mdomo na maneno pamoja, umenenepa, shati limekubana. Nililia, sikufichi. Mama hakulia. Alikuwa anatikisa kichwa kwa kila neno, kama anayehakikisha kwamba ni wewe.

Mwishoni wageni walianza kunyanyuka, nawe ukawazuia. "Jamani, msiondoke, chakula bado kipo!"

Mama akaijibu runinga, taratibu, kwa sauti aliyokuwa akikusindikizia getini. "Nenda tu, baba. Sisi tupo."

Nami nasema hivyohivyo, Kaka. Nenda, pumzika. Kesho asubuhi nafungua banda, na yule mzee wa Nakonde akirudi nitamjibu. Nakuahidi kwamba nyumbani kwa mteja sitaridhika na muziki peke yake. Nitakaa mpaka nisikie mtu anaongea.

Mdogo wako,
Tumaini