Gari ya Baba Inavuta Kuume

Kindu, Alhamisi, baada ya alasiri. Mvua imekatika lakini mawingu hayajaondoka, yameshuka palepale juu ya muto. Joto linabana kifua. Sina raha hata kidogo.

Kesho tunavusha bibi-arusi. Dada yangu Mwamini anaolewa Alunguli, ng'ambo ya Lualaba, na baba amekwisha kutangaza kwa majirani wote kwamba binti yake hatavuka kwa mutumbwi kama gunia la muhogo. Atavuka amekaa ndani ya gari, juu ya baki, kile kivuko cha chuma, watu wakimuona. Dereva njo mimi. Fundi njo mimi. Na gari yenyewe inanitia woga.

Niseme hapa, maana nyumbani sijathubutu: nikikanyaga mafuta, inavuta kuume.

Ni kagari kadogo ka zamani, kamenizidi umri, magurudumu ya mbele njo yanakavuta, si ya nyuma. Mwezi uliopita nilitoa motere yake, injini ya kizee iliyokuwa inakohoa, nikaweka motere kubwa niliyoipata kwenye gari iliyogongwa. Nilijisifu mutaa muzima! Siku ya kwanza volani ilivuta kidogo tu mikononi, nikasema haya, motere kubwa kwenye gari ndogo lazima ivute, kila fundi anajua. Lakini ikazidi. Nikikanyaga, inakimbilia kuume. Nikiachia, inarudi kushoto, na huko chini kunalia "tok".

Ile "tok" imeninyima usingizi.

Maana najua kupanda baki kukoje. Unashuka kwenye matope, halafu unapanda mbao zilizolowa, na pale hakuna polepole: ukisitasita magurudumu yanateleza, unarudi nyuma. Lazima ukanyage mafuta kwa nguvu. Na kuume kwa zile mbao hakuna kitu ila maji.

Basi tangu asubuhi ninatafuta. Nilipima upepo wa mipira, uko sawa. Nikabadilisha magurudumu, la kuume kushoto na la kushoto kuume, bado inavuta kulekule. Labda freni moja inashika? Nikazunguka mutaa, nikazigusa zote mbili, joto lao moja. Motere haichezi, niliifunga mwenyewe. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sawa, lakini ufa siuoni, niuzibe wapi?

Mwisho nikamwita Mwamini. Alikuja na hina mbichi mikononi, akanisonya, akaketi kwenye kiti cha dereva viganja viko juu kama anaomba dua. Niliweka magogo mbele ya magurudumu, nikamwingizia gia, nikamwambia aachie klachi kidogokidogo huku anakanyaga mafuta. Mimi nikalala pembeni, shavu kwenye udongo, natazama.

Gari ikasukuma magogo. Na upande wa kuume, mukono wa chini, yaani kile chuma kinachoshika gurudumu na mwili wa gari, ukafunguka kama mudomo. Alipoachia, ukafunga. Tok.

"Zima!" nilipiga kelele. "Zima, Mwamini!"

"Kaka, hina yangu ikiharibika, utanioa wewe?"

Sikuweza hata kucheka. Nilifungua ule mukono, nikapangusa grisi na matope ya miaka. Nilitegemea kuona kutu, ufa wa uzee. Mamawee! Ulikuwa mukato ulionyooka, wa musumeno wa chuma, umepita zaidi ya nusu. Kuna mutu aliingia chini ya gari yetu, akatulia, akakata.

Nikakibeba kile chuma, nikaondoka.

Nikampelekea baba pale barazani, ambapo mama alikuwa anachambua mchele. Nilidhani atapandisha hasira. Akakigeuza kile chuma mkononi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba wakati wa vita alikata kimoja.

Wakati ule nilikuwa mutoto. Ninachokumbuka ni treni haiji, chumvi hakuna, na buti zikisikika njiani taa inazimwa. Baba aliificha gari kwenye banda la mpunga, akaifunika pumba mpaka juu. Kumbe kabla ya kuifunika aliingia chini na musumeno. "Wakiichukua," aliniambia leo, "isiwafikishe mbali." Askari hawakuja kuichukua. Vita ilipoisha akauchomelea ule mukato, akaendelea kuendesha, na sisi watoto nyuma tunaimba.

"Lakini baba, huu haukuchomelewa."

Akautazama tena. "Umeutoa upande gani?"

"Kuume."

Akakiweka kile chuma chini. "Mimi nilikata wa kushoto."

Nilirudi garini mbio, nikatambaa upande wa kushoto, nikakwangua matope. Kweli. Kuna mushono wa zamani wa kuchomelea, munene, umeshika vizuri.

Niliporudi barazani mama alikuwa ameweka ungo chini. Mama yangu hajawahi kugusa hata spana. Lakini wakati wa vita njo yeye aliyekuwa anakwenda peke yake kule bandani kuchota mpunga. Alimwambia baba bila kututazama: "Wa kuume ni mimi. Ulisema utakwenda Kibombo peke yako, utuache. Njia ile watu walikuwa hawarudi. Nikachukua musumeno wako, nikaona nikikata chuma chini, gari haitatembea."

"Ingetembea, mama," nikasema. "Ingetembea mpaka ukatike njiani, baba akiwa ndani."

Baba akauliza: "Miaka yote hii, mbona hukuniambia?"

"Wewe uliniambia?"

Wallahi, hilo limenikaa rohoni. Miaka yote hiyo, kwenda sokoni, kwenda matanga, kwenda Idi, baba amekaa kwenye volani juu ya mukato wake, mama kuume juu ya wake. Ile motere ya kizee ilikuwa dhaifu mno kuufungua ule wa mama. Mimi njo nimeleta nguvu, kwa kiburi changu cha fundi.

Gari haivuki kesho. Nimeiweka juu ya magogo, nimeficha ule mukono, baba asije akaamka na ubishi. Mwamini amelia kidogo, kisha amesema mutumbwi ni mutumbwi, mume yuko palepale.

Lakini wazee wangu hawajasemezana tangu saa ile. Baba anapiga rangi viatu ambavyo tayari vinang'aa. Mama anachambua tena mchele uleule. Asubuhi watakaa kwenye ubao mumoja wa mutumbwi, wazazi wa bibi-arusi, na mimi nitakaa katikati yao, maji pande zote, na mutumbwi ukiyumba sijui nitamshika nani.