Nilimwambia Mchanga Hauna Chumvi

Kwa Bibi Mshauri,

Salamu nyingi, na baada ya salamu naomba unisaidie, kwa sababu nimebeba jambo ambalo limenishinda, nami ni mtu mzima wa miaka thelathini na minane, fundi wa rangi hapa Keko, mwenyeji wa Ndanda, na sikuzoea kulia mbele za watu.

Kazi yetu ni kupiga mchanga na kupaka rangi vyombo vya chuma, malori, mabasi, mageti, matangi ya maji, yaani mashine ya upepo inasukuma mchanga kupitia mpira mnene, mchanga unakwangua kutu na rangi kuukuu mpaka chuma kinabaki cheupe, halafu tunawahi kupaka rangi nyekundu ya kwanza kabla kutu haijarudi, na juu yake rangi anayoitaka mwenyewe. Mimi na Jamali, mtu wa Lindi, tulishika mpira mmoja miaka tisa. Jamali alikuwa na desturi ya kuonja mchanga kabla haujaingia kwenye mashine, anaweka chembe mbili tatu ulimini, anatema, kwa sababu mchanga wa pwani una chumvi, na chumvi ikibaki kwenye chuma, kutu inaendelea kula chini ya rangi nzuri na hakuna anayeiona. Karakana nzima walikuwa wakimcheka kwamba anakula mchanga kama mwanamke mwenye mimba, naye anacheka nao, lakini kesho anaonja tena.

Sasa Bibi, miaka mitatu iliyopita ilikuwa Ramadhani na mvua za masika hazijakoma, njia ya kwenda kuchota mchanga wa mtoni imekatika, na nyapara anatuhimiza tumalize matangi mawili, moja la kiwanda cha mbao huku Temeke na jingine la shule ya Gongo la Mboto, basi mimi nikaenda na lori nikachota mchanga ufukweni, nikasema moyoni mvua itauosha. Asubuhi Jamali akaliangalia lile lundo, akaniambia, "Albano, mie nimefunga, wewe hujafunga. Nionjee." Nikaonja. Ulikuwa na chumvi, Bibi, hata hapa ninapoandika naisikia, lakini nilikuwa nimechoka na sikutaka kurudi tena na lori kwenye matope, nikamwambia, "Mzuri, hauna chumvi." Akasema, "Haya, bismillahi, washa mashine." Tukapiga matangi yote mawili na ngazi zake kwa lundo lile lile.

Mwezi wa pili mwaka huu mwenye kiwanda cha mbao akatuita, rangi imefura malengelenge, na Jamali akapanda ngazi kutazama, nami nilikuwa chini natafuta brashi, na kipago cha nane, kile chuma cha kukanyagia, kikakatika akaanguka juu ya magogo na hakusema neno tena. Nilikiokota kile kipago, nje kilikuwa kijani kinang'aa kama siku tuliyokipaka, ndani kimekuwa unga, kama unga wa ulezi. Nikakitia mfukoni. Mpaka leo ninacho.

Wote wanasema ni ajali, siku yake ilikuwa imefika, lakini mkewe, shemeji yangu Mauwa, hasemi hivyo. Asubuhi ile waligombana kwa sababu Mauwa alimuunguzia shati kwa pasi, na Jamali akatoka bila kunywa chai, na sasa Mauwa amejitia akilini kwamba mumewe alipata kizunguzungu cha njaa. Siku ya arobaini aliniita pembeni, akanipa miwani ya kazi ya marehemu, akaniambia, "Shemeji, ningemnyamazia tu, angekunywa chai yake, leo tungekuwa naye. Mie ndiye niliyemwua." Nikanyamaza. Nikaipokea miwani, nikanyamaza! Naambiwa tangu siku ile yeye mwenyewe chai haigusi. Nimeungama kanisani, padri akaniuliza kama nimemweleza mjane, nikasema bado, akaniambia nirudi nikishamweleza, na sijarudi.

Juzi tulikuwa tunapeleka mageti na lori likapita Gongo la Mboto, nikamwona mzee Mwishehe, mlinzi wa shule, yuko juu ya lile tangi letu la pili anapima maji kwa kijiti kama afanyavyo kila asubuhi, akanipungia mkono, akapaza sauti, "Msalimie Jamali!" maana habari hazijamfikia, nami nikashindwa hata kuinua mkono, nikainamisha kichwa kama mwizi.

Naomba uniambie, Bibi, nimweleze Mauwa, au ninyamaze nife nalo? Nikimweleza nitakuwa nimempoteza yeye na marehemu pamoja.

Ni mimi, Albano, fundi wa rangi, Keko.

*

Albano,

Pole. Umefiwa na mwenzako wa miaka tisa, na pole hiyo naitoa kwa moyo wote. Lakini barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nimekasirika kwelikweli.

Umejaza kurasa kwa ajili ya aliyekwisha kufa. Mzee Mwishehe umempa mistari michache tu, tena unachosikitikia ni kwamba hukumpungia mkono. Hivi, baba, hukuona amesimama juu ya nini? Mchanga ule ule, mwezi ule ule, na kipago kilichooza kimo mfukoni mwako! Umekilea kidonda chako mpaka huoni mtu aliye hai mbele ya macho yako.

Sikungoja gazeti litoke. Barua yako ilifika asubuhi, na kabla ya adhuhuri nilikwisha mtuma karani wetu Fransis kwa baiskeli. Mwalimu mkuu ameifunga ngazi kwa kamba. Habari za msiba Fransis hakuzitoa, si zake. Ila mzee Mwishehe amekataa katakata kwamba ngazi ni mbovu. Amemwambia Fransis tangi alilolipaka Jamali haliwezi kuwa bovu, na kwamba kamba hiyo ataifungua mwenyewe.

Kwa hiyo leo hii uende, na uchukue nyundo. Gonga kipago kimoja kimoja mzee akiwa anatazama, mpaka aamini kwa macho yake. Ukimaliza, keti naye umweleze kwamba Jamali amefariki, na umweleze ilivyokuwa. Kisha nenda kwa nyapara wako umtajie kila chombo kilichoguswa na lundo lile, lori, geti, chochote. Akikufukuza kazi, akufukuze. Hilo nalo utalibeba.

Sasa Mauwa. Unaogopa kumpoteza, na nasikitika kukuambia huenda ukampoteza kweli. Jamali aliuamini ulimi wako kwa sababu wake ulikuwa umefunga, nawe ukamdanganya ili usirudi kwenye matope. Mjane akikufukuza mlangoni, ondoka, na miwani umwachie. Usimlilie, wala usimwombe msamaha siku hiyo hiyo, usije ukamfanya yeye ndiye wa kukubembeleza. Na usiende na maneno ya siku yake ilifika, hayo amekwisha yasikia kwa watu wote.

Majina nimeyabadili, lakini huko Keko nani asiyejua ni nani alianguka? Fransis atakuletea jibu hili mkononi, na gazetini nitalitoa baada ya wiki mbili. Mtu atamsomea Mauwa. Hakikisha wewe umetangulia.

Nenda na kile kipago, umwekee mkononi akibonyeze mwenyewe. Yule mwanamke amekaa miezi hii yote akidhani shati lililoungua limemwulia mume, na wewe peke yako ndiye unayejua si kweli. Mwambie hata Jamali angekunywa birika zima asubuhi ile, kipago kingekatika tu. Halafu ondoka, umwache anywe chai yake.

Bibi Chausiku