Senene wa Kumchumbia Flora

Jumapili, 3 Desemba 1995
Theonest, yule Mhaya aliyekuja na kampuni ya watu binafsi kununua pamba, anamtaka Flora wetu. Ameagiza kwao kifurushi cha majani ya mgomba, kimekuja kwa basi. Ndani, senene wa kukaanga, wadudu wa heshima kwao. Masharti: kisiguswe! Baba yake anakuja Jumamosi, atakifungua mwenyewe mbele ya wazee, ndipo aombe binti. Kaka yangu, baba yake Flora, ni marehemu. Mwenye neno ni mimi.

Nimewaambia wote, Theonest naye akisikia: senene nimekula Bukoba debe zima, Wahaya wakanikimbia! Bukoba sijafika. Ila Mwanza nimefika, na meli ya kwenda Bukoba nimeiona kwa macho.

Jumatatu, 4 Desemba
Kinanukia. Ni kama kumbikumbi? Kama dagaa? Nikiulizwa nitasemaje? Nimetoboa tundu dogo la uchunguzi. Nimeonja mmoja tu.

Si kumbikumbi.

Jumatano, 6 Desemba
Yamebaki majani. Siyo ulafi — ni utafiti! Kwanza chumvi, halafu mafuta yake mwenyewe, halafu utamu fulani unachelewa, kama karanga. Kwa nini Mungu aliwapa Wahaya peke yao?

Mke wangu Kwandu kaona kifurushi kimesinyaa. "Baba Ng'washi, umekula ndoa ya mtoto!" Flora hajui. Anaimba tu huku anafua.

Ijumaa, 8 Desemba
Akili niliyopata leo hata bwana shamba hana! Nimekamata panzi, ndugu zao senene, kwenye majani ya mtoni — siyo kwenye pamba, kule kuna dawa. Kwandu kacheka mpaka kakaa chini. Eti nimpikie mkwe chakula cha kuku? Lakini kakaanga. Nimewafunga kwenye majani yale yale, kamba nimekaza mwenyewe.

Jumamosi, 9 Desemba
Mzee na wenzake wamefika. Tumewapa michembe na maziwa ya mgando. Baba yake Theonest, Mzee Januarius, kageuza kipande mkononi, kauliza ni tunda gani. Viazi vitamu, mzee, tunavikata, tunavianika, tunachemsha! Kaongeza bakuli. Vizuri.

Kisha kafungua kifurushi. Katafuna mmoja.

"Mwaka huu wamekomaa," kasema.

Nimesema nafuata ugoro, niko chumbani naandika. Nawasikia wanaongea Kihaya. Sasa ananiita: "Mkwe! Wewe uliyemaliza debe kule kwetu, njoo uonje, uniambie hawa ni wa upande gani!"

Flora kaingia. "Baba mdogo, nenda. Mzee amechukua wa pili."

Amechukua ale, au awaonyeshe wenzake? Namuuliza. Ananifungulia pazia: "Kaone mwenyewe." Naweka kalamu, naenda —