Diski Yenye Sauti ya Mama Mkwe

Na ndiyo, shangazi mshauri, ni yule yule niliyekuandikia mwaka jana, muuguzi aliyekuwa akinitumia salamu kila asubuhi kabla hajaingia zamu; amenioa, leo tuna wiki tatu, na nikimtazama anavyokunywa chai huku amefumba macho nasahau hata mayai jikoni. Naomba unisaidie, maana katikati ya furaha hii nimefanya jambo linalonifanya nishtuke kila nikisikia hatua zake mlangoni.

Mume wangu ana diski ndogo nyeusi ya kuchomeka kwenye kompyuta, ameifunga kwa kibanio cha nywele cha marehemu mama yake. Ndani mna video za mama huyo, na kila Jumapili akipiga pasi sare zake huifungua ile ambayo mama anamtania, "Mwanangu, hiyo kola unaipiga pasi au unaibembeleza?", naye hucheka kana kwamba ndiyo kwanza anaisikia. Nakala nyingine hana. Mimi nilitaka kumshangaza kwa kuweka humo picha za harusi yetu, tukae pamoja na mama, nikaibeba bila kumwambia hadi duka la kusafisha picha, wakaichomeka kwenye kompyuta ambayo kila mteja huchomeka vyake, picha zikagoma kuingia, ikasema nafasi imejaa, na nilipoifungua nyumbani nikakuta tupu, shangazi, tupu kabisa, hamna hata faili moja. Nimechomoa, nimechomeka upande mwingine, nimebadilisha waya, nimezima kompyuta na kuiwasha upya, hola. Nikarudi dukani, ikasema tena nafasi imejaa, mwenye duka akaniambia bila hata kuinua macho, "Dada, hiyo ifomatiwe tu, itakuwa mpya kama wewe bibi harusi."

Jana mume wangu akaniuliza, "Mpenzi, diski yangu umeiona?" Nikamjibu nimeihifadhi pamoja na nguo za harusi. Akanibusu kwenye paji la uso, akanishukuru kwa kumtunzia vitu vyake, na hapo nilitamani ardhi inimeze. Jumapili hii wifi yangu anakuja, na tangu msiba hajaisikia sauti ya mama yao. Je, niifomati kisha niseme iliharibika yenyewe? Ungetutembelea ungeona ninavyompenda, sitaki anione mwongo.

Ni mimi, Bibi Harusi Mwenye Hofu

Mwanangu, hongera. Sasa iweke hiyo diski mezani na uondoe mikono. Ukiifomati utakuwa umemfuta mama mkwe kwa kidole chako mwenyewe.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na jibu umeliandika wewe, kisha ukalipita mbio kwa kumuwaza mumeo. Dukani ilisema nafasi imejaa. Imejaa nini, kama ni tupu? Yaelekea video zimo, ila zimefichwa. Kompyuta inayochomekwa vya kila mtu hukusanya virusi, na vipo virusi vinavyoficha mafaili bila kuyafuta. Usiichomeke tena hapo nyumbani. Ipeleke kwa fundi wa kompyuta, si kwa huyo muuza picha, umwambie atoe virusi, aonyeshe mafaili yaliyofichwa, asifute chochote, na ahamishie nakala kwenye diski nyingine mkiwa mmekaa hapo hapo mnamtazama.

Nimesema mkiwa, maana huendi peke yako. Umebusiwa kwa sababu ya uongo, na hilo ndilo linalokunyima raha. Mwambie leo, akiingia, kabla hajavua viatu: "Niliichukua bila kukuuliza, na jana nilikudanganya." Yote mawili, usilimeze la pili. Atakasirika. Mwache akasirike, usimkatize kwa machozi wala kwa mapenzi, mama ni wake. Fundi akifanikiwa, awepo azione zikirudi. Zikishindikana, asije akalisikia hilo kutoka kwako jioni, peke yake, nguo za harusi zikiwa bado kabatini. Na wifi yako mwambieni nyote wawili kabla ya Jumapili.

Kuhusu kuwatembelea, nimeshalichukua neno lako, usilirudishe. Mwezi huu hauishi kabla sijabisha hodi kwenu, na nitamletea mumeo shati lenye kola.