Dirisha la Shangazi Mavis

Nyumba Na. 14, Mtaa wa Kanisani,
Gloucester, Uingereza.
11 Juni, 2019.

Mpendwa kaka yangu Clive,

Hamjambo huko New Zealand? Mgongo wako umepoa? Na wifi yangu Jocelyn, bado anagombana na majirani? Huku sisi wazima, ila mvua imekataa kukatika na njegere zangu zimeozea bustanini.

Kaka, nina jambo la aibu, na nikilinyamazia halitanipa usingizi.

Jumamosi kwaya yetu ilikodi basi kwenda kutembea Ashcombe. Ndiyo, kijiji chetu cha Ashcombe, alikotulea Shangazi Mavis baada ya mama kufariki. Siku hizi watalii wamejaa kutazama nyumba za kale, wanapiga picha hata vizingiti. Sikumwambia mtu kwamba nimekulia pale. Wangeuliza mara ya mwisho nilifika lini, na ni miaka tisa.

Tulipofika kwenye nyumba yetu, wenzangu walibandika nyuso kwenye dirisha la jikoni.

"Hilary, njoo uone! Kuna bibi kizee humu, mzima mzima!" Brenda akaniita.

Nami niliinama nikachungulia, Clive. Sijui nilitaka nini. Shangazi alikuwa anakula yai la kuchemsha, peke yake. Akainua macho, tukatazamana, akavuta pazia.

Kwenye kioo alikuwa amebandika karatasi: "Tafadhali, humu wanaishi watu." Mwandiko ni ule ule wa kadi zetu za siku ya kuzaliwa, ambazo hajaacha kutuma hata mwaka mmoja.

"Eh, mkali huyo!" Brenda akasema, wote wakacheka. Nami nikacheka nao. Hapo ndipo ninapotamani ardhi ipasuke inimeze.

Wenzangu walipokwenda kunywa chai, nilirudi nikagonga. Alifungua mara moja.

"Mlango unaujua, Hilary," akasema. "Mbona ulipitia dirishani?"

Nikalia tu. Akaniwekea yai jikoni bila kuniuliza kama nina njaa. Kisha akaulizia habari zako, nami kwa aibu nikamwambia utakuja Krismasi. Nimekusemea bila ruhusa yako, nisamehe. Lakini kabla sijaondoka alikuwa ameshachukua kalamu na kuliandika jina lako kwenye kalenda.

Wasalimie Jocelyn, Piers na Imogen. Mungu awatunze, na awafikishe salama Desemba.

Ni mimi dada yako nikupendaye, ingawa wiki hii sijipendi,

Hilary